Mstari Nilioufuta

Ndinda tulimzika Alhamisi, hapa Voi, nyuma ya nyumba yake ile inayotazama reli, na kesho yake mchana mjukuu wake akaniita ndani akanionyesha mwandiko wangu mwenyewe. Sikuwa nimeuona kwa zaidi ya miaka sitini. Mjukuu anaitwa Mwende, na anafanya kazi katika ofisi ya kaunti inayoshughulika na majanga. Mwaka huu wanaandika mpango mpya: mto gani hufurika, mlima gani hushuka, nyika gani huungua, na watu wakimbilie wapi siku hiyo ikifika. Alikuwa amepekua karatasi za zamani za serikali, akazipiga picha na kuziweka kwenye simu yake pana. Chumba cha Ndinda kilikuwa bado na harufu ya sabuni ya kufulia, blanketi lake limekunjwa juu ya kitanda, na huko nje wanawake walikuwa wakisugua masufuria ya matanga. "Babu Elia," akaniambia, "huu si mwandiko wako? Susu alikuwa akisema wewe ndiye ulikuwa karani wa ile safari." Susu ndivyo Wakamba wanavyomwita nyanya. Nikavaa miwani. Ulikuwa wangu kweli, herufi zote zimelalia upande mmoja kama nilivyofundishwa, na kwa muda mfupi, Mungu anisamehe, niliona fahari.

Mwende akaikuza picha kwa vidole viwili mpaka ukabaki mstari mmoja tu. Maghonyi, Werugha. Hatari: hakuna iliyotajwa. "Huu mstari ndio unatusaidia," akasema. "Tunataka kujenga kituo cha kukimbilia pale Maghonyi. Ndiyo tambarare pekee upande ule, na barabara iko karibu. Kuna watu kwa kamati wanakataa, wanasema si pale ndipo ghala lilizikwa? Lakini ripoti iko wazi. Ardhi ilikuwa sawa mpaka babu akachimba ule mtaro." Maneno hayo ya mwisho aliyasema kwa sauti ya chini, kama mtu anavyotaja ugonjwa wa ukoo. Babu anayemsema ni Mutua, mume wa Ndinda na rafiki yangu, aliyefia pale Maghonyi akiwa kijana wa miaka ishirini na minne. Nilimwomba Mwende maji ya kunywa. Alipotoka kwenda kuyaleta nilibaki na ile simu mapajani, nikiutazama mstari wangu, na mwaka ule wote ukaja ukaketi nami.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nikiwa karani na mkalimani katika ofisi ya mabati hapa Voi. Paa lake lilikuwa likigongagonga jua likipanda, na karatasi tulizikandamiza kwa mawe ya mtoni zisipeperushwe na upepo. Kutoka Mombasa aliletwa Mzungu aandike hatari za wilaya nzima, zile zinazoletwa na mvua, jua, mto na mlima, ili serikali ijue akiba ya nafaka iwekwe wapi na watu wahamishiwe wapi. Watu walimpa jina la Bwana Ramani, kwa sababu alitembea na ramani imeviringishwa kwapani hata akienda chooni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na fomu yenye safu tano: mahali, hatari, mara ya mwisho, shahidi, na ya tano, ambayo aliipenda kuliko zote, amejuaje. Mtu anaweza kusema lolote, alituambia, lakini amejuaje? Njiani niliandika kwa penseli. Jioni kabla ya chakula nilinakili kwa wino, na mstari wowote usio na jibu katika safu ya tano aliukata kwa mchoro mmoja wa kalamu bila kunitazama usoni.

Mshika mnyororo wa kupimia alikuwa Mutua. Tulipanga vyumba viwili vilivyoshikana nyuma ya duka la Mhindi mmoja, ukuta wa bati katikati yetu, na kwa kuwa mimi sikuwa na mke nilikula kwao karibu kila siku. Ndinda alikuwa mjamzito na mkali. Alitwanga mahindi mpaka yakatoka maganda, akayapika na kunde, muthokoi safi, kisha akanisimamia mpaka nimalize. Mutua alikuwa na utani usiokwisha. "Wewe Mtaita, kula chakula cha watu," alikuwa akisema. "Nyinyi kule mlimani mnaponda ndizi, mihogo na maharagwe pamoja, mnajenga nyumba au mnapika?" Siku moja akaniuliza, hivi hivi akitafuna, kama ni kweli babu zetu wakishazikwa tunawafukua vichwa na kuvipanga kwenye mapango ya mawe. Nilikasirika kuliko utani ule ulivyostahili. Nilikuwa nafundishwa kuwa msomaji wa kanisa, nilikuwa na kola nyeupe mbili, na nilimwambia hayo ni maneno ya washenzi wa zamani, sisi hatuyajui. Ndinda alinitazama, akaniongezea kunde. Nilikuwa nayajua vizuri. Kila mtoto wa milimani aliyajua.

Kuta za bati hazifichi kitu. Alasiri moja, nikiwa nimejilaza, niliwasikia wakizungumza juu ya ile safari yetu. Ndinda aliuliza, "Na nikijifungua ukiwa huko?" Mutua akamjibu, "Akiwa wa kiume, mwite Musyoka. Maana yake si ni mtu wa kurudi? Basi nitarudi." Garimoshi likapita, lile lenye madirisha ya waya lililokuwa likipeleka watu kizuizini Manyani, na kama kawaida mtaa mzima ukanyamaza mpaka likaisha. Halafu nikamsikia Ndinda akisema, "Muangalie huyo Elia. Na yeye akuangalie." Nilicheka peke yangu kitandani. Nilipenda kuwa mtu wa kutajwa katika nyumba ya watu.

Tuliondoka kiangazi. Pale Mraru mwanamke mmoja alituonyesha nyasi kavu zilizonasa kwenye panda la mti, juu kupita kichwa cha Bwana Ramani, akasema maji yaliziacha pale mwaka aliozaa kifungua mimba wake. Mstari huo uliingia kwa wino bila taabu. Tukavuka hadi Taveta. Pale Bomeni mzee mmoja alisema maji yatakuja kufika mlango wa nyumba yake, na alipoulizwa amejuaje akasema miguu inamuuma. Bwana Ramani akaukata. Mutua alicheka mpaka akakalia mnyororo, na tangu siku hiyo kila nilipomuuliza jambo, hata chumvi iko wapi, alinijibu, "Miguu inaniuma, Bwana." Mimi pia nilicheka. Lakini nilijifunza somo ambalo hakuna aliyekusudia kunifundisha: kwamba katika kazi ile, la muhimu si tu mtu kujua, ni ajue kwa njia inayoweza kuandikwa.

Werugha tulifika mwisho. Ukungu ulikuwa haupandi hata saa nne asubuhi, na Mutua, mtu wa nchi kavu, alivaa mashati yake yote matatu kwa pamoja akawa anatembea na mikono imenyooka. Watu wa kule walilima kwenye miteremko mikali mno, matuta juu ya matuta, kabichi zikiegemea mawe. Katikati ya taabu hiyo palikuwa na tambarare moja nzuri, ya kijani, chini ya mwamba mkubwa, haina hata shina la muhindi. Ndiyo Maghonyi. Bwana Ramani alisimama pale akazunguka mara mbili. "Kwa nini watu hapana lima hapa?" akauliza. Watu waliotusindikiza walitazama viatu vyake. Akatutuma mimi na Mutua nyumba ya karibu tukaulize, naye akateremka misheni alikoalikwa chai.

Nyumba ya karibu ilikuwa ya Nyanya Mghoi, mjane mzee sana, mfupi, mwenye haraka. Jiko lake nalikumbuka kuliko vyumba vingi nilivyolala. Lilikuwa na giza la moshi, ndama amefungwa pembeni akilamba ukuta, kuni zimepangwa darini, na katikati chungu cha kimanga, zile ndizi, mihogo na maharagwe za utani wa Mutua, alichokuwa akikiponda kwa mwiko mrefu kama nusu ya urefu wake. Hakusimama kutusalimu. Alitupa vigoda na kutugawia kimanga chenye moto, na Mutua, baada ya maneno yote yale ya Voi, alikula akaomba tena. Nilimuuliza Nyanya kwa Kidawida, lugha yetu Wataita, kwa nini Maghonyi haijalimwa. Aliendelea kuponda. "Kwa sababu inatembea," akasema.

Nikamuuliza amejuaje. Hapo aliuacha mwiko. Akanieleza kwamba yeye akiwa msichana mdogo, mwaka wa mvua isiyokatika, ardhi ilishuka kutoka chini ya mwamba mpaka kijitoni, ikachukua nyumba mbili na waliokuwa ndani. Vichwa vya wazee wa ukoo wake vilikuwa pangoni, katika mwamba ule ule, vimepangwa kila kimoja juu ya jiwe lake. Baada ya maafa wazee walikaa, wakachinja, wakavitoa kimoja kimoja, wakavihamishia ng'ambo ya kijito, ambako vipo hata leo. "Nenda ukatazame," akaniambia. "Pango liko, ni tupu. Wewe umesoma. Unadhani watu wazima wanahamisha baba zao kwa mchezo?" Mutua alikuwa akitutazama, mara huyu mara yule, kimanga kikiwa shavuni. "Amesema nini?" akauliza. Kidawida hakukijua hata neno. Nikakumbuka utani wake wa vichwa na hasira yangu ya uongo. Nikamwambia, "Mambo ya wazee. Nitakwambia baadaye."

Nilipanda mwambani peke yangu. Pango lilikuwa pale, si refu, na ndani mawe bapa yamepangwa mstari mmoja, yote matupu, yameota ukungu wa kijani. Sijawahi kuona ushahidi ulionyooka kuliko ule. Nyasi za Mraru zingeweza kuletwa na ndege. Haya mawe yasingeweza kuachwa ila na watu waliojua wanachokiogopa. Nilikaa juu ya mwamba nikaandika kwa penseli, kwa ukamilifu: Maghonyi. Ardhi hushuka. Mara ya mwisho, shahidi akiwa msichana. Shahidi, Mghoi, mjane. Amejuaje: nyumba mbili zilizikwa, na mafuvu ya wazee yalihamishwa, pango tupu limeonekana na karani. Nilikuwa nimefanya kazi yangu. Ningekufa siku ile ningekufa mtu mwema.

Nilipofika misheni nilisubiri nje ya baraza, chini ya dirisha, ili nisiwakatize chai. Ndani alikuwa Bwana Ramani na mwalimu wa kanisa, Mdawida mwenzangu, ndiye aliyekuwa akinifundisha usomaji na ambaye jina langu alikuwa amelipeleka kwa wakubwa wa kanisa. Nilisikia kijiko kikizunguka kikombeni. Bwana Ramani aliuliza kama bado kuna watu wanaotunza mafuvu. Mwalimu akacheka, kicheko cha adabu. "Hapana Bwana, hayo yalikwisha," akasema. "Hata kuyataja watu wanaona haya. Mtazame huyu Elia wako, kijana safi, hata habari zake hazijui." Bwana Ramani akasema ndiyo, Elia ni kijana safi. Nilisimama pale na daftari mkononi, na ninaweza kusema hata leo masikio yangu yalivyokuwa ya moto.

Jioni ile nilinakili mistari yote. Nilipofika wa Maghonyi niliyapima mambo, na nayaandika hapa bila kujitetea. Nikiacha safu ya tano wazi, mstari utakatwa. Nikiijaza, mwalimu ataonekana mwongo kwa mdomo wa mwanafunzi wake, na mimi nitakuwa mtu aliyepanda kwenye pango la mafuvu akatoka amesadiki. Wala sikuwaza kwamba ningeweza kuandika nyumba mbili tu nikaacha mafuvu. Nilikuja kuliwaza hilo miaka kumi baadaye, nikiwa ninanyoa ndevu, nikajikata. Nilitoa raba mfukoni nikafuta penseli taratibu, nikapuliza vumbi lake, kisha kwa wino mzuri nikaandika kwamba hakuna hatari iliyotajwa. Mutua alikuwa kando ya moto akikausha soksi. Aliniambia niache kazi, chakula kinapoa.

Bwana Ramani aliposoma orodha alifurahi. Tambarare, karibu na barabara, haina mwenyewe wa kuhamishwa, haina hatari: ghala la akiba ya njaa likajengwa Maghonyi kabla ya vuli, kuta za mawe, paa la bati, na vyumba viwili vya mlinzi ubavuni. Vijana waliochukuliwa kujenga walikuwa wa misheni kama mimi. Wazee walinyamaza, wakidhani aliyeulizwa ameshajibu. Na mlinzi akachaguliwa Mutua, kwa sababu alijua kusoma mizani na alikuwa mwaminifu. Nilikuwepo Voi alipoambiwa. Alimwinua Ndinda juu, na tumbo lake lile, mpaka akapiga kelele. Musyoka alizaliwa wiki hiyo hiyo, baba yake akiwepo, na bado wakamwita Musyoka kwa sababu walikuwa wameshalizoea jina.

Niliwatembelea mara moja, mvua za kwanza zikiwa zimeanza. Ndinda alikuwa ameweka pazia la maua dirishani na alinipikia kimanga, ndiyo, kimanga, alichofundishwa na Nyanya Mghoi. Mutua alinitembeza nje kunionyesha mtaro aliochimba juu ya ghala, mrefu na ulionyooka, wa kushika maji kwa ajili ya bustani ya maharagwe. Kwao Ukambani tone la mvua hukamatwa lisipite. Sisi wa milimani kazi yetu yote ni kuliacha lipite liende zake. Nilijua hilo, nikaona mtaro umejaa maji yaliyotulia, nikasema umechimba vizuri. Wakati wa kuniaga Ndinda akanivuta pembeni. "Huyu nyanya ni mwema," akasema, "lakini kila siku ananiambia, hapa baya, hapa baya. Ni kwa sababu sisi si watu wa huku?" Hapo Mungu alinifungulia mlango kwa mara ya mwisho. Mutua alikuwa hatua kumi tu kutoka kwetu, akimrusharusha mtoto. Nikasema, "Ni uzee, Ndinda. Usimjali."

Ardhi ilishuka siku ya soko, karibu adhuhuri. Habari ilitufikia ofisini kwa dereva wa lori la mboga, na mimi na Bwana Ramani tulipanda na Landrova mpaka barabara ilipokatika, tukamalizia kwa miguu katika tope. Maghonyi haikuwepo. Palikuwa na mteremko mwekundu, mbichi, kutoka chini ya mwamba mpaka kijitoni, njia ile ile aliyonieleza Nyanya, na bati moja la paa limekunjwa katikati yake. Wanaume walikuwa wakichimba kwa majembe. Walimtoa Mutua jioni, akiwa bado ameshika ufunguo wa ghala. Ndinda alikuwa jikoni kwa Nyanya Mghoi. Alikuwa ameitwa asubuhi hiyo aende akachukue majani ya kunde, mtoto akiwa mgongoni, na Nyanya akamzuia kurudi kwa sababu ya mvua. Alikuwa amekaa kwenye kigoda kile nilichokalia mimi, hatikisiki, na ndama alikuwa akilamba ukuta. Nyanya Mghoi aliniangalia kutoka ng'ambo ya moto. Akaniuliza kwa Kidawida, ili Ndinda asielewe, "Uliandika?"

"Niliandika," nikasema. Kwa penseli, kwa nusu ya siku, niliandika. Aliitika kwa kichwa, na nikaona uso wake ukiwafungia mlango Wazungu wote wa duniani. Alikufa miaka michache baadaye akiamini kwamba yeye alisema, mimi niliandika, na serikali haikusoma. Na Bwana Ramani alipofungua fomu kando ya lile tope, aliniuliza kama yule mjane wa nyumba ya karibu hakusema kitu chochote. "Hakusema, Bwana," nikajibu. Basi akatafuta sababu nyingine, na mtaro wa Mutua ulikuwa umebaki kipande juu kule, umejaa maji, kila mtu anauona. Ripoti ilisema ardhi ilikuwa imara mpaka mlinzi alipochimba. Niliipiga taipu mimi mwenyewe, nakala tatu. Yawezekana mtaro uliharakisha jambo, sijui. Ninachojua ni kwamba kabla ya mtaro kulikuwa na mawe matupu pangoni, na kabla ya mawe kulikuwa na nyumba mbili.

Wiki chache baadaye nilipanda tena kuchukua vitu vya Ndinda. Mahindi ya akiba yalikuwa yameota ndani ya tope. Mteremko mzima ulikuwa kijani, machipukizi maelfu kwa maelfu, na hakuna aliyethubutu kuyala hata mwaka ule wa njaa uliofuata. Kanisani sikuendelea na usomaji; nilimwambia mwalimu macho yananisumbua. Ndinda alirudi Voi, akauza maharagwe stesheni, akamlea Musyoka, akajenga. Watu wengine walisema mbele yake kwamba mume wake ndiye aliyezika chakula cha wilaya, naye akaendelea kupima maharagwe yake. Mimi nilikuwa mtu mwema wa nyumba ile. Nilimwandikisha Musyoka shule, nilisimamia arusi yake, ananiita baba mdogo mpaka leo. Kila Krismasi Ndinda alinifunikia sahani, hata nikichelewa, hata nisipofika. Miaka sitini nilikula chakula chake na kila mara nilisema moyoni nitamwambia akishakula na yeye, akishapumzika, mvua zikishapita.

Mwende akarudi na maji. Niliyanywa yote kwanza. Kisha nikamwambia afungue mahali pa kuandika katika hiyo simu, aandike Maghonyi upya, na nikamsomea mstari wangu wa penseli, neno kwa neno, kwa sababu raba haikuutoa kichwani. Aliandika haraka mwanzoni, halafu polepole. Alipofika kwenye pango tupu limeonekana na karani, vidole vyake vikasimama. Alikuwa msichana mwerevu tangu utotoni. Hakuuliza kama nina hakika. Alikaa juu ya kitanda cha Ndinda, kwenye lile blanketi lililokunjwa.

"Kwa hivyo haikuwa mtaro," akasema.

"Mtaro labda ulisaidia. Lakini aliyejenga nyumba yenu pale ni mimi."

"Susu alijua?"

"Hakujua. Alikuwa akinifunikia sahani."

Alilia kwa muda, bila sauti, akiishika ile simu isidondoke. Mimi sikumgusa, sikuwa na haki hiyo. Kisha akapangusa uso kwa leso ya matanga akanionyesha ramani: pale Maghonyi palikuwa na alama ya kijani, akaibonyeza, ikawa nyekundu. Nilifikiri ndiyo mwisho. Nikamwambia niko tayari kwenda mbele ya kamati yao siku yoyote, niseme kwa mdomo wangu, na watu wakitaka kuliona pango nitawapeleka, hata kama ni kwa kubebwa.

"Kamati ni Jumatatu," Mwende akasema. "Baba yuko hapo nje sasa hivi. Mwambie yeye kwanza. Mimi siwezi kumwambia."

Nikainuka kwa fimbo yangu. Musyoka alikuwa amekaa karibu na kaburi, kofia magotini, mtu mzima mwenye mvi ambaye maisha yake yote amekuwa mwana wa aliyechimba mtaro. Aliponiona natoka mlangoni alifanya kama anavyofanya siku zote: alisimama, akakipangusa kiti chake kwa mkono, akanisogezea. "Karibu, baba mdogo," akasema, "kaa." Nikamwomba akae yeye, na mimi nikabaki nimesimama.